Maneno ya Halani

Kabla ya adhuhuri ya Jumatano ile, watu watatu walikuwa wameshampa Aqil mkono wa pole, na marehemu mwenyewe alikuwa Mmarekani ambaye Aqil hakupata kuonana naye hata siku moja.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mabomba aliyekuja dukani kwa Aqil kununua koki. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Bwana Aqil. Tumesikia." Aqil aliiweka koki mezani. Alidhani amefiwa na ndugu, na kwamba habari zimefika mtaani kabla ya kufika nyumbani kwake, jambo ambalo hapo Magogoni si la ajabu. Ndipo fundi akamwonyesha simu. Picha ilikuwa ya mzee mwenye mvi na mashavu yaliyobonyea, na ilimchukua Aqil muda kumtambua. Alikuwa Harlan Pruitt, mwigizaji wa filamu, ambaye Kisauni nzima ilimwita Halani.

Aqil alianza kusema inna lillahi, akasita katikati, asijue kama inafaa. Wa pili na wa tatu walipokuja aliwapa mkono tu na kuitikia. Mmoja wao aliuliza matanga yatakuwa wapi. Aqil alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Lilikuwa jambo la kutatiza, lakini halikukosa mzizi. Kwa miaka kumi na minne, kabla ya filamu kuhamia kwenye simu, Aqil alikuwa akiketi kando ya televisheni katika kibanda cha video karibu na soko, kipaza sauti mkononi, akiwageuzia watu filamu za Kizungu kuwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili. Nusu ya yaliyosemwa aliielewa, na nusu ya pili aliitafuta machoni mwa waigizaji. Wengi wao walimpitia tu kama abiria. Halani peke yake ndiye aliyekaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na ukimya mrefu, na katika ukimya ule Aqil alipata nafasi ya kutosha kusema alichotaka. Ikafika hali ya watu kusema kwamba wanakwenda kumsikia Halani, si kumtazama.

Hata maisha ya Halani aliwapa yeye. Kila mara kabla ya kanda kuanza, alikuwa akiwasimulia kwamba Halani alizaliwa maskini kando ya bandari, mamaye akiuza vitumbua kwa wachukuzi. Kwamba aliacha shule akabeba magunia. Kwamba kidole chake kimoja hakikunjiki kwa sababu alikivunja akimwokoa rafiki. Mambo hayo aliyatoa wapi, hakujua. Yalikuja yenyewe, na yalipokwisha kusemwa mara tatu, yeye mwenyewe aliyaamini.

Siku ya Alhamisi alikuja Kefa, mwenyeji wa Kitale, mwenye ukumbi wa kutazamia mpira uliokuwa barabara ya pili. Kefa alisema watu wanamsumbua. Wanataka Jumapili, baada ya alasiri, waonyeshwe ile filamu ya Halani waliyoiita ya mlango, na wanataka Mzee Aqil ashike kipaza sauti kama zamani. Aqil alisema amekwisha kuzeeka, koo limekauka. Kefa alisema tangazo amekwisha kulibandika.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Aqil alimwita binti yake Shaza, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Kiembeni, amsomee taazia ya Halani aliyoiona kwenye simu.

"Abee, Baba," Shaza aliitika, akaja akaketi mkekani, akaanza kusoma na kufasiri taratibu, kama anavyowasomea wanafunzi.

Halani hakuzaliwa kando ya bandari yoyote. Mji wake haukuwa na bahari wala ziwa. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na mamaye akifundisha piano. Alisomea uigizaji chuoni, akahitimu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulala chini kama maiti katika mchezo wa televisheni. Aliigiza filamu kumi na moja za bunduki na magari, ambazo wajuzi wa kwao hawakuzitia maanani, na moja tu aliyoipenda mwenyewe, ile ya mlango, ambayo ilionyeshwa wiki mbili ikaondolewa. Alioa na kuacha mara tatu. Aliachana na filamu akiwa na miaka hamsini na mitano, akahamia jangwani, akawa anafundisha wastaafu kusoma mashairi kwa sauti. Alipohojiwa mara ya mwisho alisema hadhani kwamba kuna mtu aliyepata kumsikiliza.

"Ameacha mtoto mmoja wa kiume," Shaza alimalizia. "Hawakuwa wakisemezana."

Aqil alimwambia asome tena hapo mwisho. Shaza alisoma tena, na hapakuwa na zaidi. Taazia ilikuwa imeligusa jambo hilo na kulipita.

Alikaa pale mkekani hata baada ya binti yake kuondoka. Hakujua anamlilia nani. Yule mchukuzi wa bandarini alikuwa amekufa, hilo alilihisi kwa uchungu wa kweli. Lakini yule hakupata kuishi. Na huyu mwana wa daktari wa meno, aliyeishi akafa, hakuwa mtu wake. Alijaribu kumhurumia huyu wa pili akashindwa, akajaribu kumsahau yule wa kwanza akashindwa pia.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alikuja Jerioth.

Aqil alimjua kwa miaka mingi kwa jina la Mama Griffin. Alikuwa mwanamke wa bara aliyeshona nguo katika kiwanda kimoja huko Changamwe tangu ujana wake, na enzi za kibanda alikuwa hakosi Jumapili. Mtaa mzima ulijua kwamba mwanawe, Griffin, alifungwa miaka kumi na mmoja kwa kisa cha ghala lililovunjwa na mlinzi akaumizwa, na kwamba ametoka miezi miwili iliyopita. Jerioth hakununua kitu. Alisubiri hadi wateja wakaondoka.

"Bwana Aqil," alisema, "nina swali, na nakuomba usinijibu haraka. Yale maneno ya mlangoni, aliyasema yeye au uliyasema wewe?"

Aqil hakuhitaji kuuliza maneno yapi. Katika filamu ile Halani ni baba aliyefukuzwa na mwanawe. Karibu na mwisho anakwenda hadi nyumbani kwa mwana, anasimama nje mvua ikimnyeshea, anatazama mlango uliofungwa. Kisha anasema. Na alichosema, kwa sauti ya Aqil, ni hiki: *Sikuja kukuhukumu. Nitasimama hapa mpaka uchoke kunichukia, na ukishachoka, utanikuta bado nipo.* Watu walikuwa wakitoka kibandani kimya baada ya maneno hayo.

"Niliyasema mimi," Aqil alijibu.

"Na yeye alisema nini?"

"Wallahi sikupata kujua."

"Mimi nimejua. Mpwa wangu amenionyesha filamu ile kwenye simu, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini. Alisema, 'Gari linanguruma.' Basi. Gari linanguruma, akageuka akaenda zake."

Alieleza bila kupandisha sauti. Kwa miaka kumi na mmoja alikwenda gerezani kila mwezi, na kwa miaka ile yote Griffin alikataa kumtazama usoni. Kila alipotaka kuacha, aliyakumbuka maneno ya Halani. Alijiambia kwamba ikiwa mtu mkubwa kama yule, aliyeitembea dunia, ameyasema, basi yana uzito, na yeye fundi wa cherehani ni nani asiyashike.

"Sasa naambiwa yalitoka kwa jirani anayeuza mabomba," alisema. "Sijui nicheke au nifanye nini. Huyo kijana amerudi, anakula uani peke yake, hasemi na mtu. Ninajiuliza nilikuwa nimeshika nini miaka yote hii."

Aqil alitaka kumpa jibu, lakini la kweli hakulijua. Alikumbuka kwamba mara ya kwanza walipoionyesha filamu ile, kanda ilikuwa mbovu na sauti ilikatika mahali pale hasa, ndiyo maana alijaza. Alikumbuka pia kwamba mwaka ule baba yake mwenyewe, mwuza vitambaa wa ukoo unaoheshimiwa mjini, alikuwa amemfukuza nyumbani kwa sababu ya kazi ile ya kupiga domo mbele ya wahuni, na kwamba kwa miezi minne alilala kwa rafiki, kila jioni akisikiliza kama kuna mtu atakayebisha hodi. Hakubisha mtu. Baba yake alikufa hivyo hivyo. Lakini vilevile ilimjia kwamba pengine maneno yale aliyasikia katika filamu nyingine, kutoka kwa mwigizaji mwingine, akayahamisha. Kila alipoyafuata yalikotoka, njia iligawanyika.

"Kesho nitamleta Griffin," Jerioth alisema. "Sikuambii useme nini. Nataka tu nikae, nisikie."

Jumapili ukumbi wa Kefa ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Wenye umri wa Aqil walikuwa wengi, na baadhi walikuja na watoto wao wakubwa. Kefa alipomkaribisha, walimpigia makofi, na mtu mmoja wa nyuma alidai apewe kwanza maisha ya Halani. Aqil alisimama na kipaza sauti. Alifungua kinywa kusema habari za daktari wa meno; akaona nyuso zile zikimngoja mchukuzi wa bandarini. Akasema tu kwamba marehemu aliishi miaka sabini na minane, na kwamba kazi yake tunaijua. Watu waliridhika nusu.

Filamu ilipoanza, koo lake lilirudi. Alishangaa jinsi lilivyorudi. Aliwasemea wote, askari, mlevi, mke wa mwana, na watu walicheka palepale walipokuwa wakicheka zamani. Jerioth alikuwa safu ya tatu, amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani. Kando yake alikaa mwanamume mpana wa mabega, mikono magotini, anayetazama sakafu.

Mvua ikaanza kwenye kioo. Halani akasimama mbele ya mlango.

Ukumbi ulinyamaza kwa namna ambayo Aqil aliijua mwilini mwake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Halani, akaona safari hii kitu ambacho hakupata kukiona: jinsi midomo ya mtu yule ilivyotikisika mara mbili kabla ya kusema, kama aliyetaka kusema jingine. Akafikiri habari za yule mtoto mmoja wa kiume. Akafikiri: nimemsemea miaka kumi na minne, na hapa alipotaka kusema mwenyewe sikumpa nafasi.

"Gari linanguruma," Aqil alisema.

Halani aligeuka, akaenda zake.

Minong'ono ilianza safu za mbele ikaenea. Mzee mmoja alisema si hivyo, Aqil amesahau. Mwingine alimkumbusha maneno kwa sauti, akayakosea. Jerioth alikuwa amesimama. Alipita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje, na yule mwanamume akamfuata. Aqil aliweka kipaza sauti juu ya meza, filamu ikiwa bado inaendelea, naye akatoka.

Jua la jioni lilimpiga machoni. Jerioth alikuwa chini ya kipaa cha mabati, karibu na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa wateja wa soda. Griffin alisimama hatua chache mbali, amegeukia barabara.

"Nisamehe, Mama Griffin," Aqil alisema. "Sikujua lipi ndilo sawa. Hata sasa sijui."

"Nilitaka kujua kama nitaumia," Jerioth alisema. "Nimeumia kidogo."

Ndipo Griffin akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza Aqil kuuona uso wake tangu alipokuwa kijana, na ulikuwa uso wa mtu aliyezeeka kabla ya wakati.

"Yale maneno mengine," Griffin alisema, "yale wazee wanaulizia humo ndani. Ni yale ya mama?"

Jerioth alimtazama asielewe.

"Yale ulikuwa unaniambia pale dirishani, gerezani. Kila mwezi. Ati utasimama mpaka nichoke." Alizungumza polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Ni ya filamu?"

"Ni ya huyu," Jerioth alisema, akamwonyesha Aqil kwa kidevu.

Griffin alimpima Aqil kwa macho, kuanzia kanzu hadi ndara, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Mimi huyu simjui. Hakuja hata siku moja."

Jerioth alikaza fundo la kitambaa chake, akalifungua, akalikaza tena. Griffin alivuta kiti cha plastiki akakisogeza nyuma ya mama yake, na alipoona hakai, akavuta cha pili akakaa yeye kwanza. Jerioth akakaa. Aqil alibaki wima, hajui kama ameondolewa mzigo au amenyang'anywa kitu, wala hajui kama mambo hayo mawili yanatofautiana.

Ndani, mtu alikuwa amechukua kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya Kefa. Alimpa Halani Kiswahili cha bara, kizito na cha haraka, na watu walicheka, wengine wakazomea. Kefa hakukoma. Kicheko kilipungua, kikaisha. Halani alikuwa amefika mahali fulani katika hadithi yake, peke yake na ukimya wake ule mrefu, na Aqil, pale nje mlangoni, alijikuta ameinamisha kichwa, ametega sikio, apate kujua atasema nini.