Arobaini Zilizotii

...toa yenyewe, jumlisha arobaini na moja, ndivyo Mwalimu atakavyosema kesho mbele ya maprofesa, sauti isitetemeke, ila sasa mdogo wake amembana kichwa katikati ya magoti na anamsuka kama analipiza kisasi, "Dada tulia, njia itapinda," atulie vipi mtu aliyepata fomula ya namba tasa, hizo kaidi zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, chukua namba, zidisha kwa yenyewe, toa yenyewe, jumlisha arobaini na moja, basi, amejaribu moja hadi arobaini na zote zimetoka tasa, ubaoni, watoto wa darasa la nne wakiwa wameshakwenda nyumbani, chaki ikamwishia vidoleni akasema yatosha... nafasi ya chuo aliiacha mama yao alipofariki, nani angemlea huyu aliyekuwa bado ananyonya kidole, huyu huyu anayemvuta nywele leo na kuwatangazia majirani kwamba dada kaitwa na maprofesa, "Nifanyie na mimi moja basi, nipate la kuringia," haya, chagua namba, "Hiyo hiyo arobaini na moja unayoiimba hadi jikoni," rahisi, arobaini na moja mara arobaini na moja, toa arobaini na moja, jumlisha arobaini na... ngoja, iliyotolewa imerudi, imebaki arobaini na moja mara arobaini na moja, inagawanyika, Mungu wangu, inagawanyika mchana kweupe, hatua moja tu mbele ya pale chaki ilipomwishia, "Dada, imetoka?" uso unamwaka kwa aibu, aseme anaumwa, asiende, na hata akiibadilisha ile namba ya mwisho, aweke kumi na saba, aweke mia na moja, yenyewe ikiingizwa itaibomoa vilevile, miaka yote hii alikuwa anakimbiza upepo... lakini zile arobaini, mbona zilitii, mfululizo, bila hata moja kuteleza, haiwezi kuwa bahati tu, kuna nini humo ndani, na moyo unaanza kumdunda vingine, jibu hana, na analitaka kuliko alivyowahi kuitaka fomula yenyewe, "Haikutoka," anasema, na vidole kichwani vinasita, "Sasa kesho huendi?" kwa sauti ile ile ya mtoto aliyekuwa akiuliza kila usiku kama dada naye ataondoka, "Naenda, nina swali la kuwauliza, we kaza tu," na vidole vinarudi kazini, nusu ya kichwa bado haijasukwa.