Mfereji wa Mwanga

Daktari alimwamuru fundi simu alale hadi ajifungue, asinyanyue hata ndoo. Akafunga kibanda chake, akajilaza katika chumba cha nyuma, ambako ghorofa la jirani lilikuwa limeziba dirisha na adhuhuri ilifanana na magharibi. Kando ya kitanda palikuwa na tangi la samaki la mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini. Majani ya ndani yalikuwa yamepauka kwa kukosa mwanga, na samaki walipita humo kama mawazo ya mtu anayesinzia.

Mama mkwe alikuja kumuuguza. Waliheshimiana mno hao wawili, hata mazungumzo yao yakawa "umeamkaje" na "salama," basi. Wakishafika hapo, kila mmoja hugeukia tangi.

"Mkwe," mama mkwe alisema mchana mmoja, "hawa wana rangi gani?"

"Sijui, mama. Tangu waletwe sijawaona vizuri."

"Basi watakufa hata hatujafahamiana!"

Fundi simu alicheka mpaka akajishika tumbo. Ndipo akili ikamrudia mikononi. Aliomba aletewe taa za mkanda zilizozunguka ubao wa kibanda chake, adapta nzima ya modemu mbovu, na pasi ya kulehemu. Mama mkwe aliokota uani kipande cha mfereji wa bati kilichobaki paa lilipotengenezwa, akakipaka rangi nyeupe ndani ili kirudishe mwanga chini.

Rangi ilipokauka, wakabandika mkanda humo. Fundi simu alilala ubavu, mito mgongoni, pasi mkononi.

"Shika waya hapo, mama, niuunge kwa risasi."

"Mkono unatetemeka."

"Wako au wangu?"

"Yote miwili."

Wakaziba viungo kwa silikoni, wakaiacha ikauke. Kesho yake mama mkwe akaulaza mfereji juu ya kifuniko cha kioo, maji yasiurukie, akabonyeza swichi. Hakuna kilichowaka.

"Nimegeuza nyaya," fundi simu alisema kwa aibu. "Na hii ndiyo kazi yangu!"

"Mimi nilidhani ndilo giza jipya tulilotengeneza," mama mkwe alimjibu, akamsogezea pasi.

Safari hii chumba kilifumbuka. Maji yakawa kijani laini, samaki wakawa buluu wenye mikia myekundu, na kile walichodhani ni jiwe kikapiga mwayo, kikaogelea. Mawimbi ya mwanga yakapanda ukutani, yakatambaa darini, yakawapitia nyusoni bila uzito. Mama mkwe alivua kandambili, akajinyoosha kando ya mkwewe.

"Nilipokuwa nimembeba mumeo tumboni nililazwa vivi hivi," alisema taratibu. "Niliogopa, sikumwambia mtu."

"Mimi naogopa sasa hivi, mama."

Mama mkwe akamgeukia. Alimwekea kiganja tumboni, na mtoto akajigeuza chini yake, polepole, kama anayetafuta upande mzuri wa kulala. Wakabaki hivyo, kama wanaoelea, mpaka harufu ya chakula kinachoungua ikawafikia kutoka jikoni. Hakuna aliyeinuka haraka.

Dereva aliporudi siku chache baadaye, aliwakuta wote wawili wamelala fofofo, mama yake mahali pake yeye kitandani. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, mawimbi yakimpita kifuani, kisha akatandika mkeka sakafuni. Mtoto alisubiri mpaka mwezi wake ukatimia, akazaliwa mzima, sauti kama honi ya lori.