Shati la Che Makwinja

Asubuhi ya siku ya kuwakumbuka mashujaa, Abiti Ntila alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha kola ya shati la marehemu mumewe. Che Makwinja mwenyewe alikuwa jikoni, amevaa fulana, anakula maandazi. Alikuwa ameingia alfajiri, kama kila Novemba tangu azikwe, buti zake zimejaa matope ya Burma. Mkewe alikuwa ameziweka karibu na moto zikauke.

"Mwaka huu usipige tarumbeta," Abiti Ntila alisema. "Wasome jina lako kwanza. Mara moja tu, nilisikie kabla sijafa."

"Ukifa utanikuta, mama Asiyatu."

"Sitaki kukukuta. Nataka wakuite."

Che Makwinja alicheka, akamwachia andazi la mwisho.

Walishuka hadi uwanja wa mnara wa mashujaa, pale Zomba, mvua ikinyesha. Koplo wa langoni aliwafunika kwa mwavuli wake, yeye akalowa. Walipofika kwenye kamba akasimama. Ndani ya kamba kulikuwa na viti vya wapiganaji. Watu wa bendi ya jeshi, kama Che Makwinja, walisimama nje.

"Ndiyo amri, bibi," alisema taratibu. "Hawakubeba bunduki."

"Walibeba machela."

"Najua, bibi."

Kwenye kiti cha mbele aliketi Che Mtalika, ambaye vitani Che Makwinja aliiweka chini tarumbeta yake akambeba mgongoni, wakavuka mto risasi zikilia.

"Farasi wangu!" Che Mtalika aliita. "Umechakaa!"

"Na wewe mzigo umenenepa!"

Che Mtalika aliinuka ampe kiti chake. Ofisa mmoja akamkalisha tena.

Muda ulipofika, mpiga tarumbeta wa jeshi alipuliza, ukatoka upepo mtupu. Tangu Che Makwinja azikwe, siku hiyo hakuna tarumbeta nyingine inayolia. Meja aligeuka kuelekea kwenye kamba, akangoja, kama afanyavyo kila mwaka.

Che Makwinja alimtazama mkewe. "Wenzangu waliofia kule porini hawalali wasipoisikia."

Akainua tarumbeta yake, akapiga. Hata mbwa wa sokoni walinyamaza.

Kisha Meja akasoma majina ya mashujaa, moja moja, kwa sauti nzuri. Alipomaliza alisema, "Tunaishukuru pia bendi," akaenda kunywa chai.

Abiti Ntila alitoa kisu cha kumenyea mihogo, akaikata kamba. Hakuna aliyemkemea. Koplo alikusanya vipande bibi asije akajikwaa, na Che Mtalika akamvutia kiti. Hakuketi. Alisimama pale, kisu mkononi, mpaka viti vyote vikabebwa, mumewe akawa ameshaondoka na mvua.

Mwaka uliofuata alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha kola ileile. Wakashuka pamoja hadi uwanjani.

Walikuta wameweka mnyororo.