Aliyeandika Kutoka Kulia

Barua ya Abeid ilifika Februari ya mwaka tisini na tano, na ndani yake mlikuwa na picha ya mtoto aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Abeid alikuwa mwana pekee wa Bibi Moza. Alikwenda Uingereza kusomea uhandisi, akaoa huko, akabaki huko. Sasa aliandika kwamba Agosti atakuja Mwanza na binti yake Shamsia, mwenye miaka minane.

Aliyeisoma barua hiyo ni Evelina, jirani yake katika mtaa wa Pasiansi. Tangu Mzee Muharami, mume wa Bibi Moza, afariki, barua zote zilipita machoni mwa Evelina kwanza.

"Mwisho hapa anasema," Evelina aliendelea, "'Mama, unisamehe, mtoto hajui Kiswahili. Kosa ni langu.'"

Bibi Moza aliomba asomewe tena mstari huo. Kisha akauliza, "Kiingereza kinafundishwa wapi?"

Evelina akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akajikohoza. "Kwa Mwalimu Getruda, pale shule ya msingi. Saa kumi jioni, wanafunzi wakishatoka."

Siku hizo tuisheni ilikuwa imeota kila kona kama uyoga. Mishahara ya walimu haikufika katikati ya mwezi, na viwanda vya minofu ya sangara vilivyofunguliwa kando ya ziwa vilitaka watu wa kuzungumza na wageni. Bibi Moza alipoingia darasani, vijana walinyanyuka wakidhani ni mzazi wa mtu.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwalimu Getruda, mwanamke mrefu wa Misungwi mwenye sauti ya upole. "Umekuja kumwandikisha mjukuu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujiandikisha mwenyewe."

Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio. "Unajua kusoma na kuandika?"

Swali hilo Bibi Moza alikuwa amekwisha kuulizwa. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa kisomo cha watu wazima, naye akajibu kwa fahari kwamba anajua. Wakampa kitabu. Akakitazama, akakigeuza, watu wakaangua kicheko. Tangu hapo alikuwa na jibu moja tu.

"Sijui," alisema, na Mwalimu Getruda akaandika hivyo.

Wiki tatu alikaa dawati la nyuma, karibu na kijana mmoja, Ngosha, aliyekuwa anatafuta kazi kiwandani. Mwalimu aliinua kalamu, akauliza, "What is this?" Darasa zima likaitikia, "Zisi izi a peni!" Bibi Moza hakuitikia kwa nguvu. Alikuwa ameinama, kalamu yake inakwenda.

Siku moja mwalimu alipita nyuma, akasimama.

"Bibi, unachora?"

Vijana wakageuka. Ngosha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sichori, mwalimu. Naandika."

"Unaandika nini?"

"Unayoyasema."

Mwalimu Getruda alichukua daftari lile. Lilikuwa limejaa mistari mizuri, iliyonyooka, yenye nukta juu na chini, nayo ilianzia kulia. Hakuweza kutambua hata herufi moja. Akalirudisha mezani taratibu. "Nisomee, basi."

Bibi Moza aliweka kidole upande wa kulia wa ukurasa, akaanza. Akasoma somo la Jumatatu lote, Kiingereza kitupu, neno kwa neno. Akasoma sentensi ambayo mwalimu aliikosea kisha akaisahihisha, zote mbili. Akasoma pia, "Ngosha, funga dirisha, vumbi linaingia," kwa sababu nalo lilisemwa. Darasa likacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha watu waliofurahi.

Mwalimu Getruda peke yake hakucheka. Alikuwa amesikia jambo jingine.

"Rudia ile ya kwanza. 'This.'"

"This," alisema Bibi Moza, sawasawa, bila zi.

"Unaiandikaje sauti hiyo?"

"Kwa dhali, herufi ya Kiarabu. Na ile nyingine ya 'think' ni herufi the, yenye nukta tatu. Zote tunazo. Baba alinifundisha kwenye chuo cha Kurani, nikiwa sijafika hata kimo cha meza. Zamani hapa mjini barua zote zilikuwa hivi, mwalimu. Za biashara, za posa, za msiba. Kiswahili kitupu."

Miaka kumi na miwili Mwalimu Getruda alikuwa akifundisha Kiingereza, na sauti hiyo ilikuwa bado inamponyoka yeye mwenyewe. Alirudi mezani, akafungua daftari la mahudhurio.

"Hapa niliandika kwamba hujui kusoma. Kwa nini uliniambia hivyo, bibi?"

"Kwa sababu kila aliyeniuliza alikuwa anauliza herufi zake."

Mwalimu alichukua kalamu. Kisha akakata yale maneno kwa rula, akaandika juu yake: *anajua*.

Kuanzia siku hiyo, darasa likitawanyika, wawili hao walibaki nusu saa, Bibi Moza akijifunza herufi za upande wa pili. Haikumchukua muda. Mtu aliyekwisha kujua kwamba sauti inaweza kukaa juu ya karatasi amekwisha kuvuka mto; kilichobaki ni kuzoea ng'ambo. Kufika Juni alikuwa anasoma gazeti, midomo ikicheza.

Ndipo akashusha kopo la barua za Abeid, akazisoma mwenyewe, moja baada ya nyingine. Katika ile iliyoandikwa baada ya msiba wa Mzee Muharami alikuta mistari asiyowahi kuisikia: *Mama, nililia kazini. Nilitaka kusema "baba amefariki" kwa Kiswahili, nikakosa wa kumwambia.*

Alimwendea Evelina na barua mkononi. Evelina alipoona mahali kidole kilipo, akainama.

"Nilishindwa kukusomea, bibi. Siku ile wewe mwenyewe ulikuwa huna nguvu."

"Najua," alisema Bibi Moza, akamshika bega. "Ahsante."

Agosti wakaja. Kwenye uwanja wa ndege Bibi Moza alisema kwa Kiingereza sentensi aliyoifanyia mazoezi wiki nzima, kwamba yeye ni bibi yake na amefurahi sana kumwona. Shamsia akamtazama, akamwaga maneno kama mvua juu ya bati. Bibi Moza hakudaka hata moja. Akatabasamu tu. Siku mbili zilipita hivyo, mtoto amejibanza ubavuni mwa baba yake, bibi anajificha jikoni.

Siku ya tatu Abeid alikwenda mjini kumtembelea rafiki. Bibi Moza alikuwa barazani na daftari lake, anaandika maneno asiyoyajua ili amuulize mwalimu. Shamsia akasogea. Akasogea tena. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu, penye jina la Bibi Moza kwa zile herufi za chuoni.

"What is this?"

Bibi Moza akashusha pumzi. Hilo alilijua.

"This is my name," alisema. Akaandika tena polepole, kutoka kulia. "And this is your name."

Mtoto akakodoa macho. Akachukua kalamu, akaanza upande usiofaa, akacheka, akaanza upya. Jioni Abeid alipofungua mlango alikuta wamefika jikoni, mtoto anashika kitu kimoja kimoja na kuuliza, bibi anajibu kwa Kiingereza, mtoto anadai na la Kiswahili. Mwiko. Sufuria. Sangara. Abeid alisimama mlangoni, hakuingia mpaka machozi yalipomkauka.

Wiki tatu si nyingi. Siku ya kuondoka, Shamsia alimkumbatia bibi yake kiunoni, akaanza kusema kwa kasi, akilia, maneno yakigongana. Abeid alifungua mdomo ili amtafsirie mama yake.

Bibi Moza akainua mkono, akamzuia. Aliinama mpaka sikio lake likafika kwenye midomo ya mtoto.

"Polepole, mama," alisema. "Niambie mwenyewe."

Shamsia akavuta kamasi, akaanza tena, neno moja moja.