Nyuzi za Emna

Haya, nijibuni: wapishi mia, jiko moja, na kila mmoja akiitwa anaanza kukoroga pale pale alipoachia. Ni nini?

Mmeshindwa. Ni nyuzi za ndani ya kompyuta. Hizo si za kushonea nguo. Ni kazi nyingi zinazopokezana prosesa moja, yaani ubongo wa kompyuta, na mjukuu wangu Emna ndiye anayezipangia zamu.

Emna alikuja kwangu Sfax, hapa Tunisia, kwa Idi, baada ya miaka sita Ujerumani. Asubuhi ya kwanza nikamuuliza, "Utarudi lini kukaa, mwanangu?" Alifungua kompyuta juu ya meza yangu ya jikoni. Kampuni yao ilikuwa imebadilisha prosesa, na ilibidi azihamishie nyuzi zote kwenye hiyo mpya. Zikikubali, mkataba wake unaongezwa. Zikikataa, anarudi nyumbani.

Mungu anisamehe, niliomba zikatae.

Na zilikataa! Siku tatu nzima. Uzi unasimamishwa vizuri, ukiitwa tena unapotea, programu yote inakufa. Nikamwekea samaki wa chumvi na sharmula, mchuzi wetu wa Idi wa vitunguu na zabibu kavu, hata hakutazama.

"Kula, wewe. Umebaki macho na vidole."

"Niache, Bibi."

"Nikuache mara ngapi? Hebu nieleze, angalau nicheke."

Akacheka yeye. Akanieleza kwamba uzi ukisimama, anaweka kila kitu ulichokuwa umeshika mkononi, kwa orodha, ili ukirudi ukikute.

"Na mahali pa kurudia, anapaweka nani?"

"Hapo hapana kazi, Bibi. Prosesa yenyewe inapaandi..." Akainamia kompyuta. "Ile ya zamani! Ile ya zamani ndiyo inapaandika yenyewe. Hii mpya inapashika mkononi tu, na mimi nimenakili orodha ileile. Yaani mimi mjinga!"

Akaongeza kitu kimoja kwenye orodha: mahali pa kurudia. Nyuzi zikapokezana mpaka adhuhuri, haukupotea hata mmoja. Akanibusu kichwani, akaniita injinia. Nikacheka naye, kisha nikageuka kuosha sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

Akala samaki wote, na mkate wangu akala. Mimi nilikuwa bado nimempa mgongo.

"Bibi, uliniuliza nitarudi lini kukaa."

"Niliuliza."

"Miaka mitatu mingine," akasema. "Labda minne."