Siku Mia na Themanini

Karani wa dirisha la nne, ofisi ya uhamiaji, hakuwa mtu mbaya. Alieleza sheria kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Kibali hiki ni cha kutoka na kurudi. Una siku mia na themanini. Na bima yako ya afya isikatike, hata kama huko unakokwenda haitakutibu. Ukizidisha siku moja, au bima ikikatika, viza imekufa. Yako na ya binti yako, kwa kuwa ya kwake imeegemea yako."

"Na nikichelewa kwa sababu ya msiba?"

"Mama, sheria haina kipengele cha msiba."

Mama huyo kila mtu alimwita Fundi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Miaka tisa alikuwa amekaa kwenye karakana ya ghorofa ya pili, nyuma ya kliniki, akisugua fizi za plastiki za watu asiowajua mpaka zing'ae. Nchi ile haikuwa ya kwao, lakini alibakiza mwaka mmoja tu apewe ukaazi wa kudumu, na binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa na mtihani mkubwa mbele yake. Sasa mama yake huko nyumbani alikuwa amepigwa na kiharusi, na daktari alimwambia mdogo wake waziwazi: hesabuni wiki, msihesabu miezi.

Fundi alikunja kibali, akakitia ndani ya pasipoti. Mia na themanini? Mbona nyingi. Alimwacha binti kwa jirani aliyekuwa mwenzake wa kazini, akapanda ndege na begi dogo la mtu anayekwenda kuzika.

Hakuzika.

Alimkuta mama amelazwa ubavu chumba cha mbele, uso umelegea upande mmoja, mkono wa kulia hauna habari. Lakini jicho lilikuwa jicho lile lile. Lilimpima binti yake kuanzia viatu mpaka nywele, kisha ulimi mzito ukasema, "Umenenepa."

Mdogo wake, ambaye alikuwa msusi, alisimama mlangoni na kitana mkononi, akacheka mpaka akalia. Hilo lilikuwa neno la kwanza la mama katika siku sita.

Wiki zikapita, zikazaa miezi. Ndugu wale wawili waligawana kazi bila kukaa kikao. Msusi alisuka wateja wake kibarazani asubuhi, akapokea zamu mchana. Fundi alimgeuza mama kila baada ya saa mbili, akamkanda mgongo, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akajifunza kubadilisha shuka bila kumnyanyua. Kilichomkera mama kuliko kiharusi chenyewe kilikuwa meno. Seti aliyotengenezewa na mwanawe miaka ya nyuma sasa ilicheza mdomoni, kwa kuwa shavu lilikuwa limelegea.

"Mimi sifi kibogoyo," alisema.

Basi Fundi akaenda kwa daktari wa meno wa mtaa ule, akaomba kona ya meza, nta kidogo na kifaa cha kusugulia. Siku tatu alipunguza huku, akajaza kule, akarudi nyumbani kujaribisha, akaenda tena. Siku ya nne mama aliuma mkate, akatafuna taratibu, akameza.

"Haya," alisema. "Sasa naweza kugombana na watu."

Siku ya tisini na tatu, binti alipiga simu. Kliniki ilikuwa imesitisha kumchangia Fundi bima, kwa kuwa likizo yake haikuwa na mshahara na ilikuwa imepita miezi mitatu. Alitakiwa kuhamia bima ya kujilipia mwenyewe kabla mwezi haujaisha.

"Nimeenda ofisini kwao mara tatu, mama. Sahihi ya picha hawaitaki, wanataka ya wino. Na wamesema bima ikikatika, hicho kibali ulicho nacho ukawashie moto."

Fomu ikatumwa kwa kifurushi, ikasainiwa juu ya kitanda cha mgonjwa, ikarudishwa. Ilimfikia binti zikiwa zimebaki siku mbili. Aliipeleka mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka akagongewa muhuri. Fundi alimsikiliza akisimulia, akakumbuka kwamba mtoto huyu miezi michache tu iliyopita alikuwa hawezi kuamka kwenda shule bila kuvutwa blanketi. Bima yenyewe haikumfaa kitu pale alipokuwa. Alipougua homa wiki nzima, alitibiwa kwa mfuko wa mdogo wake.

Baada ya siku ya mia na arobaini, mama alipata nimonia. Daktari akaja, akatikisa kichwa: siku chache. Mama akapona. Baada ya wiki mbili ikarudi, daktari akasema yale yale, na mama akapona tena. Fundi alianza kuweka nukta za penseli kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, nukta ndogo, akidhani hakuna anayeziona.

Mchana mmoja walikuwa uani wanakamua shuka, kila mmoja ameshika ncha yake, msusi akauliza, "Dada, zile nukta ni za nini?"

"Siku zangu za kurudi."

"Zako? Mimi naona kama unamhesabia mama."

Fundi alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alisokota shuka mpaka maji yakaisha, bado akaendelea kusokota.

"Juzi alikohoa, pumzi ikakwama," alisema. "Nikasubiri. Na ndani yangu kitu kikasema, kama ni leo, nitawahi. Halafu akavuta pumzi. Sikujua nimefurahi au vipi."

Msusi aliiachia ncha yake ikaanguka kwenye beseni. Fundi alingoja matusi. Mdogo wake alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi niliwaza hivyo hivyo mama alipotimiza mwezi wa pili kitandani," alisema. "Na sina viza. Nilikuwa nimechoka tu."

Hawakukumbatiana. Msusi aliinuka, akaiokota ile shuka, wakaisuuza upya.

Siku ya mia na sabini na mbili, Fundi akimpaka mama mafuta miguuni, mama aliuliza, "Bado ngapi?"

"Ngapi nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Ukuta huo nautazama kutwa nzima."

"Nane."

"Na mjukuu wangu yuko na nani?"

"Na jirani. Ana mtihani mwezi ujao."

Mama alifumba jicho. Fundi alidhani amelala.

"Mimi kila mahali nilichelewa," mama alisema. "Hata harusini kwangu. Baba yenu alidhani nimemkataa. Na hili nalo nitachelewa. Nenda."

"Siwezi, mama."

"Nimekuuliza kama unaweza? Nenda umeniacha hai. Kama ukikaa, mtoto akafukuzwa shule kwa ajili yangu, nitakufa vibaya."

Akaondoka siku ya mia na sabini na sita. Asubuhi ile alimwogesha mama, akamkata kucha, akamvisha gauni alilolipenda. Alipoinama kumuaga, mama alimzuia kwa mkono mzima. "Usilie. Utaniliza na mimi, na uso wenyewe unalia upande mmoja." Kwa hiyo Fundi alijikaza. Alilia kwenye teksi, mpaka dereva akazima redio.

Aliposhuka uwanja wa ndege, afisa kijana wa uhamiaji alihesabu mihuri kwa kidole, akaridhika, kisha akatazama kompyuta, akakunja uso. Mfumo ulionyesha pengo la siku moja kati ya bima ya kliniki na bima ya kujilipia. Fundi alipelekwa chumba cha pembeni chenye viti vya chuma na saa ya ukutani. Alikaa humo saa mbili na nusu, risiti yenye muhuri aliyotumiwa na binti ameishika kwa mikono yote miwili. Nje ya kioo watu walipita na mabegi yao. Alifikiri: nimemwacha mama yangu akiwa hai kwa ajili ya siku moja ambayo haipo.

Hatimaye aliingia mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo. Alikuwa amewapigia watu wa bima. Malipo yalifika kwa wakati. Karani wao ndiye aliyeandika kwamba bima inaanza siku moja baadaye, kwa kuwa tarehe yenyewe ya kuanza iliangukia sikukuu.

"Siku ya mia na sabini na saba," alisema akigonga muhuri. "Umecheza na moto, mama."

"Sikuwa nacheza," Fundi alisema.

Wiki tano baadaye alikuwa kwenye foleni ya kuomba ukaazi wa kudumu, faili kifuani, watu wawili mbele yake. Simu ikaita. Alipoona jina alijua, akaipokea hata hivyo.

"Dada," msusi alisema. "Mama ametutoka. Saa kumi na mbili asubuhi hii. Alikuwa amelala."

Fundi aliegemea ukuta. Mtu aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama anaumwa, Fundi akatikisa kichwa kwamba hapana. Akikabidhi pasipoti, itakaa ofisini mwezi mzima. Asipoikabidhi, viza yake, ambayo muda wake wa kawaida ulikuwa umefika mwisho, ingekwisha Jumatano kabla hajaomba. Njia ya tatu haikuwapo, na yeye aliitafuta mpaka namba yake ikaitwa.

"Wananiita dirishani," alisema. "Nikiwapa pasipoti, siji kuzika."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za wanawake, na mtu anaburuta viti.

"Mama alisema usiitwe," msusi alijibu. "Mimi ndiye nimeshindwa kunyamaza. Wape, dada. Huku tupo."

Akawapa. Msichana wa dirishani alipokea karatasi moja moja, akasita kuona zimelowa machozi, akazifuta kwa kiganja bila kuuliza.

Mazishi aliyatazama kwenye simu, ameketi sakafuni na binti yake, picha ikikatika na kurudi. Waliona migongo ya watu, wakaona udongo, kisha wakaona viatu vya aliyeshika simu. Binti, ambaye wiki ile ile alikuwa amepata matokeo na kufaulu mtihani wake, hakulitaja jambo hilo mpaka Fundi mwenyewe alipomuuliza.

Jioni msusi alipiga tena. Alisimulia yote: nani alikuja, nani hakuja, mvua iliyotishia ikaghairi, mwanamke mmoja aliyezidisha kilio kuliko wenye msiba mpaka watu wakatazamana. Fundi alijikuta anacheka, kisha akashindwa kuendelea. Mdogo wake alimngoja.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Mwambie mtoto akupashie kitu, ule. Mimi sikati simu."