Sauti ya Mumbua na Amplifaya Ndogo

Nahashon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi tu, na ubishi, jamani, haujawahi kumpikia mtu ugali. Yeye ndiye aliyesimamia vyombo vya sauti katika kanisa moja la mabati pale mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi. Amplifaya ya kanisa ilipokufa, yeye ndiye aliyetumwa mjini kwa fundi Abdurahman kuazima nyingine.

Abdurahman alikuwa na moja tu, ndogo. Akamwonya kwa ule upole wa watu wa mji: spika zenu ni kubwa, na nguvu ya hii haifiki hata robo ya nguvu zinazotakiwa. Itumieni ndani, kwa sauti ya wastani. Mkiilazimisha itapaliwa, itatoa mikwaruzo badala ya sauti, na mikwaruzo hiyo ndiyo inayounguza spika. Nahashon akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akicheka moyoni. Kitu kidogo kikiunguze kikubwa? Tangu lini kifaranga akammeza mwewe?

Jumapili ya mkutano wa nje watu walijaa hadi barabarani, naye akataka ibada isikike mtaa mzima. Akaizungusha voliumu hadi mwisho. Spika zikaanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Aliisikia mikwaruzo ile, tena vizuri sana, wala hakurudisha mkono. Ndipo Mumbua akashika kipaza sauti. Mumbua ni dobi katika hoteli moja kule Watamu, na sauti yake ikipanda unasahau hata njaa. Alipofika pale juu kabisa pa wimbo, spika zikalia mara moja, ikatoka harufu ya kuungua, Nahashon akazima vyombo, kukawa kimya.

Mchungaji Gachanja akacheka ili kuifunika ile aibu, akamgeukia Nahashon. "Ndugu, ni sauti ya dada yetu imepasua vyombo?"

Nahashon akaitikia kwa kichwa.

Hakusema neno, mnaona. Aliinamisha kichwa mara mbili kama mjusi ukutani, basi. Kanisa zima likaangua kicheko, na Mumbua naye akacheka, maana angefanya nini? Jina likamganda: Mpasua Spika. Hata watoto wakamwita hivyo kwenye foleni ya maji. Akarudi safu ya nyuma ya kwaya, kisha akawa anaimba kwa kunong'ona, mwishowe akaacha kabisa, akisingizia kazi nyingi.

Abdurahman alipozifungua spika aliyaona mambo wazi. Zile kubwa za sauti nzito zilikuwa nzima. Twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ndivyo vilivyoungua, nyaya zake nyeusi tititi.

"Uliizungusha hadi mwisho," akamwambia Nahashon, wala hakuwa akiuliza.

Akatia twita nyingine, akatafuta amplifaya yenye nguvu inayolingana na spika na akiba kidogo juu yake, akamwonyesha kijitaa chake chekundu: kikiwaka, rudisha mkono. Sauti ikawa safi kanisani, na usafi ule ndio uliomtesa Nahashon. Kila Jumapili alikaa nyuma ya vyombo akikitazama kiti kitupu cha Mumbua, roho ikimsuta. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na kadiri alivyolichelewesha ndivyo lilivyozidi kuwa zito.

Jumamosi moja mchana akajikaza, akaenda kwake. Kabla hajapiga hodi akamsikia Hope, binti wa Mumbua, akiosha vyombo uani na kuimba. Ilikuwa sauti ya mama yake ile ile, haikupungua kitu. Kisha akamsikia Mumbua, bila hasira yoyote.

"Punguza, mwanangu. Sauti yetu inaharibu vitu vya watu."

Akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa kigoda. Chai aliikataa. Akayatoa yote: onyo la fundi, voliumu, mikwaruzo aliyoisikia kabla Mumbua hajafungua kinywa, na kile kichwa alichokiinamisha. Akasema amemdhulumu, na kwamba Jumapili atasimama aliambie kanisa zima.

Mumbua aliikunja na kuikunjua leso yake.

"Mimi ni mtu mzima, Ndugu Nahashon," akasema. "Yangu nitayamaliza na Mungu wangu. Mwambie huyu."

Akamwita Hope. Mtoto akaja na povu mikononi, akamwamkia mgeni shikamoo. Nahashon akachuchumaa mbele yake, na maneno yaliyomtoka kwa mama sasa yakawa magumu maradufu.

"Sauti ya mama yako haikuharibu kitu," akasema. "Aliyeharibu ni mimi."

Akamwomba aimbe tena ule wimbo, kwa sauti yake yote.

Hope akamtazama mama yake kwanza. Kisha akaimba, chini chini, ameufunika mdomo kwa mkono wenye povu.